Mnada barazani: mwongozo kamili wa ligi ya fantasi yenye kikomo cha bajeti

Katika Fantasy Premier League tuliyoizoea, mchezo wa mtandaoni ambamo unachagua kikosi cha wachezaji halisi wa ligi ya Uingereza na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, kila mtu hupewa pauni milioni 100 za kubuni na kila mtu ana ruhusa ya kumnunua mchezaji yule yule. Mko kumi barazani, tisa mna Haaland, mshambuliaji wa Manchester City. Akifunga matatu Jumamosi, hakuna aliyemwacha mwenzake. Akitoka patupu, hakuna aliyeumia peke yake.

Mchezo ninaoueleza hapa ni wa mnada. Kila mshiriki, ambaye tunamwita kocha, ana mfuko sawa na mwenzake, kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu, na bei yake mnaipanga nyinyi mlioketi pale. Ukimtaka Haaland itabidi umpiganie mbele ya macho ya wenzako, na kila shilingi unayomtolea ni shilingi ambayo beki wako hataiona.

Asili ya michezo hii ni Marekani. Mwaka 1962 kikundi cha watu wa Oakland, wakiongozwa na Bill Winkenbach, walianzisha ligi ya kuchagua wachezaji wa ule mpira wao wa kushika kwa mikono. Mnada ulikuja baadaye, na huko bajeti iliyozoeleka kwenye mitandao ya ESPN na Yahoo ni dola 200 za kubuni. Sisi tumeichukua hiyo 200 tukaipeleka kwenye ligi ya Uingereza. Kuhusu dalali, mtu wa Mombasa hana haja ya kufundishwa: aliyewahi kusimama ufuoni samaki wakinadiwa anajua tayari sauti inavyopanda na mkono unavyosita.

Nimekuwa dalali wa ligi yetu ya Mji wa Kale kwa misimu kadhaa. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyajaribu yakasimama.

Watu na kikosi

Idadi nzuri ni makocha wanane. Wakiwa sita, wachezaji wazuri ni wengi kupita kiasi na mnada unakuwa baridi. Kumi inawezekana, lakini usiku utakuwa mrefu. Muhimu kuliko idadi ni kwamba kila mmoja awe mtu atakayepanga kikosi chake hata mwezi wa Machi akiwa mkiani. Kocha mmoja aliyekata tamaa anaharibu ligi nzima, kwa sababu wanaokutana naye wanapata ushindi wa bure. Mwulize kila mtu mapema, na anayesitasita mwache msimu huu aje kutazama tu.

Kila kocha anapewa shilingi 200 za daftari, yaani za kubuni, na nafasi 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu. Kila wiki wanaanza kumi na mmoja, kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu, viungo wasiopungua wawili na mshambuliaji asiyepungua mmoja. Nani ni kiungo na nani mshambuliaji msibishane. Fuateni alivyoandikwa kwenye tovuti ya Fantasy Premier League, hata kama macho yenu yanaona vingine.

Pointi pia msizihesabu wenyewe. Zichukueni pale pale kwenye tovuti, mchezaji kwa mchezaji. Ila kila kocha azijue kwa kichwa, maana ndizo zinazompa mtu thamani: kucheza dakika 60 au zaidi ni pointi 2, chini ya hapo 1. Goli la mshambuliaji ni 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya goli ni 3. Beki na kipa wakitoka bila kufungwa wanapata 4, kiungo 1. Kadi ya njano inakata 1, nyekundu 3, kukosa penalti 2. Tangu msimu wa 2025/26 beki anayefikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi moja, yaani kukaba, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kuondosha hatari, anaongezewa 2. Watu wengi bado hawajaipa uzito kanuni hii mnadani. Beki wa kati wa timu ndogo, anayeshambuliwa dakika tisini, sasa ana pointi ambazo zamani hakuwa nazo, na mara nyingi unampata kwa shilingi moja.

Nahodha hatuna. Kwenye mchezo wa kawaida nahodha huzidishiwa pointi mara mbili, lakini huku, ambako mchezaji ana mwenyewe mmoja, unahodha utamfanya aliyemnunua nyota mkubwa asishikike. Tulijaribu msimu mmoja tukaacha.

Yote haya yaandikwe kabla ya mnada, katika daftari gumu, na kila kocha atie sahihi. Naona watu hucheka wakisikia sahihi. Wakifika Januari, mchezaji akauzwa Saudia na pesa zake hazijulikani zinarudi wapi, hawacheki tena.

Kupiga hesabu nyumbani

Hapa ndipo mnada unaposhindwa au kufaulu, na wengi hupapita mbio. Usije barazani na majina tu. Njoo na bei.

Anza na fedha zilizopo chumbani. Makocha wanane mara 200 ni 1,600. Wachezaji watakaonunuliwa ni wanane mara 15, yaani 120. Kila mmoja wao lazima agharimu angalau shilingi moja, kwa hiyo 120 zimeshakwenda, zimebaki 1,480. Hizo 1,480 ndizo zinazogombaniwa hasa, na zinapaswa kwenda kwa wachezaji wanaozidi wengine.

Wanazidi kina nani? Si mchezaji wa wastani, bali yule wa mwisho kununuliwa katika nafasi yake. Washambuliaji watanunuliwa 24. Wapange wote kwa pointi unazotarajia, mtazame wa 24. Tuseme utamtarajia pointi 80. Huyo ni wa shilingi moja, kwa sababu hata ukimkosa utapata mwingine wa namna yake. Mshambuliaji unayemtarajia pointi 200 anamzidi kwa 120, na hizo 120 ndizo unazozilipia, si 200. Fanya hivyo kwa makipa 16, mabeki 40 na viungo 40. Jumlisha ziada zote. Tuseme jumla imekuja 4,440. Gawa 1,480 kwa 4,440, unapata theluthi ya shilingi kwa kila pointi ya ziada. Basi yule mshambuliaji wako ni 120 kugawa kwa tatu, 40, ongeza ile moja ya lazima: 41. Juu ya 41 umelipia zaidi ya anachokupa.

Hesabu hii itakushangaza kwa makipa. Kipa bora na kipa wa 16 hawapishani sana kwa pointi, basi thamani yake hushuka hadi shilingi tatu au nne, ingawa kwenye televisheni anasifiwa kila wiki. Kila mwaka kuna anayetoa 15 kwa kipa. Usiwe wewe.

Pointi za kutarajia unazipata wapi? Anza na za msimu uliopita kisha zisahihishe kwa akili yako. Ukizichukua kama zilivyo utapotea. Mohamed Salah msimu wa 2024/25 alifikisha pointi 344, rekodi ya mchezo mzima, kwa magoli 29 na pasi za magoli 18. Ukimpigia bei ya msimu uliofuata kwa 344 ungemtolea karibu shilingi 80, na mtu hafanyi miujiza kama ile mara mbili kwa kuwa wewe umeilipia. Kwa upande wa pili, Cole Palmer alipotoka Manchester City kwenda Chelsea mwanzo wa Septemba 2023 alikuwa wa pauni milioni 5 kwenye mchezo wa kawaida, bei ya mtu wa benchi. Alimaliza na magoli 22 na pointi 244, akiongoza wote. Tazama nani amehamia mahali atakapocheza kila wiki, nani anapiga penalti na kona, na nani amepanda daraja na timu inayomtegemea yeye.

Ukimaliza, andika orodha yako kwenye karatasi moja, majina na bei. Mbele ya kila jina weka alama ya kundi, yaani wachezaji wa nafasi moja wenye bei zinazokaribiana. Ukikosa wa kundi la kwanza, unajua watatu wengine unaoweza kuwakimbilia bila kutapatapa.

Usiku wa mnada

Tunaufanya wiki ya mwisho kabla ligi haijaanza, mwezi wa Agosti, baada ya sala ya Isha. Wachezaji 120, kila mmoja dakika moja na nusu, ni saa tatu kamili bila kituo. Tunapumzika mara moja katikati kwa kahawa chungu na kashata. Msianze na chakula kizito. Viazi karai na bajia vinatosha, vya kula kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kalamu.

Dalali bora asiwe kocha. Kama hakuna mtu wa nje, basi dalali anaposhindania mchezaji, mwenzake achukue sauti. Kazi yake ni tatu: kupokea jina, kupandisha bei, na kufunga kwa kuhesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akisema ya tatu imekwisha, hata aliyenyanyua mkono nusu sekunde baadaye amechelewa. Mwandishi wa daftari awe mtu mwingine, asome kwa sauti kila baada ya mauzo: nani kanunua, kwa ngapi, amebakiwa na ngapi, ana nafasi ngapi tupu.

Makocha wanataja majina kwa zamu. Anayetaja ndiye anayefungua dau, angalau shilingi moja, na kama hakuna wa kupandisha, mchezaji ni wake apende asipende. Kwa hiyo usimtaje usiyemtaka kabisa eti uwachezee wenzako.

Kanuni ya dau la mwisho ni muhimu kuliko zote. Huruhusiwi kutoa kiasi kitakachokuacha usiweze kujaza nafasi zako. Chukua shilingi ulizonazo, toa nafasi zilizo tupu, ongeza moja. Una shilingi 120 na nafasi tisa: mwisho wako ni 112, maana nane zinabaki kwa wanane wengine. Mwandishi wa daftari ndiye mlinzi wa kanuni hii.

Sasa mbinu, nami nina msimamo wangu.

Mwanzoni taja nyota ambao wewe huna mpango nao lakini wenzako wanawatamani. Mfuko wao unapungua, wako haujaguswa. Unayemtaka kwa dhati mwache katikati ya mnada, watu wakishachoka na pochi zikishakonda. Lakini usingoje mno: kila msimu kuna mmoja anayejibana hadi mwisho, akabakiwa na shilingi 60 na hakuna tena wa kununua kwa 60. Pesa ya daftari haina kazi baada ya mnada.

Kupandisha bei ya mtu usiyemtaka ili mwenzako aumie, fanya tu pale ambapo bei bado iko chini ya ile uliyoandika kwenye karatasi yako. Ukiachiwa naye, huna hasara. Ukipandisha juu ya hapo unacheza na moto, na nimeshawaona watu waungwana wakirudi nyumbani na viungo wawili wasiowahitaji.

Swali la kila mwaka ni kama ununue nyota wawili ujaze waliobaki kwa shilingi moja moja, au ugawanye sawasawa. Kikosi kina wanne wa benchi, hao wote wawe wa shilingi moja bila majadiliano. Una 196 kwa kumi na mmoja. Mimi hununua nyota mmoja, mmoja tu, kisha natafuta watu sita hivi wa kati ya shilingi 15 na 22, kwa sababu hapo ndipo wenzangu huwa wamelegea, wengine wameishiwa, wengine bado wanangoja. Msimu mmoja kocha mwenzetu alitoa 171 kwa washambuliaji wawili. Akabakiwa na 29 za nafasi 13. Kwa saa mbili zilizofuata hakuweza kushindana na mtu, alibaki akitazama. Kufika Desemba mmoja wa wale wawili aliumia, na hakuwa na wa kushika nafasi yake.

Wakati bei inapanda, tazama daftari kuliko kumtazama dalali. Ukijua ya kwamba jirani yako ana shilingi 30 na dau lake la mwisho ni 24, unajua 25 inatosha. Huhitaji kuruka hadi 35 ili umtishe.

Msimu ukianza

Kila wiki kocha anatuma kikosi chake kwenye kundi la WhatsApp, kumi na mmoja na benchi kwa mpangilio. Asiyecheza hata dakika moja, wa kwanza wa benchi anayefaa kwa nafasi anaingia badala yake. Asiyetuma kikosi, cha wiki iliyopita kinabaki. Hakuna kusema bando liliisha au kivuko cha Likoni kilichelewa.

Kuhusu saa, angalieni hapa, maana ndiyo sababu ya ugomvi mwingi. Mwisho wetu wa kutuma kikosi ni ule ule wa Fantasy Premier League, dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mwanzo wa msimu mechi ya mapema ya Jumamosi huanza saa 8:30 mchana kwa saa za kwetu, kwa hiyo mwisho ni saa 7 mchana. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, sisi hatuna habari hiyo, na ghafla mechi ni saa 9:30 na mwisho ni saa 8. Jumapili ya mwisho ya Machi inarudi kama mwanzo. Wiki yenye mechi ya Ijumaa usiku mwisho ni saa 2:30 usiku wa Ijumaa, au 3:30 wakati wa baridi yao. Dalali atume ukumbusho Alhamisi, na katika Ramadhani atume mapema zaidi, kwani saa ya futari hakuna anayetazama simu.

Ushindani wetu ni wa wawili wawili: wiki hii pointi zako dhidi ya za fulani, ushindi alama tatu, sare moja. Makocha wanane, kila mmoja ana wapinzani saba. Mkizunguka mara tano ni wiki 35 kati ya 38 za ligi. Wiki ya 36 wanne wa juu wanacheza nusu fainali, za 37 na 38 ni fainali ya mikondo miwili. Hesabu imekaa vizuri kiasi kwamba sioni sababu ya kuwa na makocha saba au tisa.

Wachezaji wapya wanapatikana kwa bei ya siri. Kila kocha ana shilingi 100 nyingine za msimu mzima, tofauti na zile za mnada. Akimtaka mchezaji asiye na mwenyewe, anaandika jina, kiasi, na nani atakayemwacha, anapeleka kabla ya Alhamisi saa 3 usiku. Mwenye kiasi kikubwa anampata. Wakilingana, aliye chini kwenye msimamo ndiye mwenye haki. Mwanzoni bei hizi zilikuwa zikija kwenye simu yangu, nami pia ni kocha. Sikumdanganya mtu, lakini nilishinda mchezaji mmoja kwa tofauti ya shilingi moja, na uso wa mwenzangu siku ile sikuupenda. Tangu hapo zinakwenda kwa mtu asiyecheza, mzee wa baraza asiyejua hata Brentford iko wapi. Zikifunguliwa, anasoma zote kwa sauti, za washindi na za walioshindwa.

Usizimalize hizo 100 mapema, lakini pia usizitunze kama mali ya urithi. Wachezaji wanaobadilisha msimu huibuka zaidi ndani ya wiki sita za kwanza. Mimi hutumia karibu nusu kabla ya Novemba.

Mchezaji akiuzwa nje ya ligi ya Uingereza, mwenyewe anarudishiwa nusu ya bei ya mnada kwenye mfuko wa msimu. Akiumia harudishiwi kitu. Kombe la Afrika nalo likumbukeni mnapopiga bei: lile la Morocco lilianza Desemba 2025 likaingia Januari 2026, na aliyejaza kikosi chake kwa Waafrika alikaa wiki kadhaa na benchi tupu. Kubadilishana wachezaji kati ya makocha kunaruhusiwa hadi mwisho wa Februari. Baada ya hapo aliye mkiani hana cha kupoteza, na hata akiwa na nia safi, badilishano lake litampa mtu kombe.

Kuhusu pesa za kweli

Tumeulizwa mara nyingi kwa nini hatuweki mia tano tano tukampa mshindi. Kwetu hiyo ni kamari na tumeikataa, na hata asiyeona hivyo ataona urafiki unavyobadilika mtu akipoteza fedha kwa goli lililofutwa na VAR. Tunachanga sawasawa, mshindi na mkia, kwa ajili ya pilau ya siku ya mwisho. Mshindi anakabidhiwa dele la shaba la kahawa akae nalo nyumbani mwaka mzima, na kazi yake ni kulileta likiwa limesuguliwa linang'aa kwenye mnada unaofuata.

Siku ya mwisho ya ligi mechi zote kumi huanza pamoja, kwa kawaida saa 12 jioni kwa saa zetu. Kila kocha aje na kikosi chake kwenye karatasi. Msitangaze mshindi filimbi ikilia, kwani pointi za ziada, zile tovuti inazowapa wachezaji bora wa kila mechi, huwa hazijathibitishwa na zinaweza kugeuza fainali ya tofauti ndogo. Pakueni pilau, kuleni, na mwandishi alete daftari tovuti ikishafunga hesabu zake.